Wa Kwanza Katika Kila Nyumba

Alfajiri siharuka zilishuka juu ya Tanga, moja kwa kila nyumba. Siharuka ni chombo chenye ukubwa wa beseni, mabawa manne yasiyo na kelele na tumbo lililojaa dawa. Huingia dirishani, humpima mgonjwa, humchoma sindano ikibidi, humwuliza amelalaje, kisha huenda zake. Watu walikuwa wameshazizoea, hata mbuzi hawakushtuka tena.

Zilitumwa na mashine iitwayo Mchaguzi, na aliyeiandika akili yake ni mhandisi Mwasiti Shekigenda, mwanamke mpole lakini mbishi, ambaye swali likimwingia kichwani chai hupoa mbele yake. Kila mkazi alivaa bangili ya siha, nayo ilipeleka Kituoni, ilikokaa mashine hiyo, mapigo ya moyo wake, sukari yake na pumzi yake. Huko kila mtu akawa safu moja ya tarakimu. Mchaguzi iliziweka safu hizo katika mafungu, fungu moja kwa kila nyumba. Ndani ya fungu ilizipanga kuanzia mwenye hali mbaya zaidi, ikachukua safu ya juu na kuziacha zilizobaki. Vyombo havikutosha watu wote, basi angalau vimfikie aliyezidiwa. Bangili iliyonyamaza iliandikwa mbovu, na zilikuwa nyingi kila siku, maana watu na mambo ya kuchaji mnawajua.

Nyumba moja ya Ngamiani ilimnyima Mwasiti raha. Kwingine mteule alikuwa yule yule wiki nzima, kama ugonjwa ulivyo. Hapa leo huyu, kesho yule, na kila mmoja moyo wake ulikwenda mbio chombo kikikaribia, kisha ukatulia kama si wake. Wenzake walisema ni hitilafu. Mwasiti akasema hitilafu haishiki zamu, na alfajiri iliyofuata akajitupia mtandio, akaenda kuona.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya zamani, vyumba huku na huku, ukumbi katikati. Alipiga hodi, akaitikiwa, akatokea uani. Mwanamume mnene, shati limemlowa, alikuwa akiruka kamba.

“Karibu ukae, dada,” alisema huku anahema. “Nivumilie kidogo, bangili bado haijawa nyekundu.”

Ikawa nyekundu. Siharuka ikashuka, ikamchoma dawa yake ya kisukari, ikaondoka. Mwanamume yule akajibwaga juu ya kibao, akajitambulisha: Mbaruku, fundi cherehani. Mwasiti naye alipojieleza, Mbaruku alijikuna shingo.

“Basi umetufumania. Sisi hapa si nyumba moja, dada. Ni wapangaji wa vyumba sita, kila mtu na chungu chake. Chombo chenu kinaona mlango mmoja tu. Tungefanyaje? Tukawekeana zamu. Mwenye zamu anaruka mpaka awe wa kwanza, anapata dawa zake, kesho mwingine.”

Mwasiti alicheka mpaka machozi, na Mbaruku naye. Kweli, alipogawa mafungu alitumia namba za milango. Nyumbani kwao mlango mmoja ulikuwa familia moja, na hakuwahi kuwaza zaidi ya hapo. Lakini swali jingine likamjia.

“Na mkiwa na mgonjwa kweli kweli? Huyo hamtamshinda kwa kamba.”

Kicheko cha Mbaruku kikakatika. Akaonyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha mwisho.

Humo Mwasiti alimkuta Bi Namkunda, bibi kizee, amekaa kitandani, miguu imevimba, pumzi inamjia kwa shida. Bangili yake ilining'inia msumarini ukutani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mbona umeivua?”

“Nikiivaa, chombo kinakuja kwangu kila siku. Kwa moyo wangu huu nani atanipita? Nilitibiwa mwezi mzima huku namsikia Tunu, mtoto wa Mbaruku, anabanwa na pumu ng'ambo ya ukuta. Nikaona haya.”

Mwasiti aliumia. Hapo hapo alitoa kioo chake cha mkononi, akaifungua Mchaguzi, na kwa mlango ule, palipoandikwa nyumba akaandika kaya. Fungu moja likawa sita. Kituoni zilikuwepo siharuka chache za akiba. Akaita moja kwa ajili ya bibi, ije upesi.

“Wewe unaishi peke yako, bibi. Kwenye fungu lako hakuna mwingine, kwa hiyo huna wa kumwachia. Ivae.” Akamvisha mwenyewe.

Bi Namkunda aliitazama bangili ile. “Na Mbaruku na Tunu, si kaya moja hao?”

“Ndiyo. Atachukuliwa mwenye hali mbaya zaidi.”

Lilikuwa jibu sahihi, na Mwasiti hakulipenda.

Kesho yake alfajiri alikuwa Kituoni na kikombe chake cha chai. Kwenye ramani, taa za siharuka sita zilielekea nyumba ile, na ya Bi Namkunda ilifika kwanza. Mwasiti akatabasamu. Katika kaya ya Mbaruku, sukari ya baba ilikuwa imepanda vibaya, akawa safu ya juu, Tunu akimfuatia. Kabla chombo hakijaingia mtaani, safu ya Mbaruku ikazimika. Tunu akapanda akawa wa kwanza. Pembeni Mchaguzi ikaandika kama kawaida yake: bangili mbovu.

Mwasiti aliyakodolea macho maneno yale. Kisha akaiagiza Mchaguzi imwonyeshe bangili zote mbovu za mji mzima alfajiri ile, na kila ilipozimika moja, nani alipanda mahali pake. Ramani ya Tanga ikajaa. Alipozimika baba, alipanda mtoto. Alipozimika bibi, alipanda mjukuu. Alipozimika mke, alipanda mume.

Wenzake walipoingia kazini walimkuta analia, chai imepoa. Mmoja akamwuliza kwa upole kama ameiona ile hitilafu ya Ngamiani.

“Hakuna bangili mbovu,” alisema Mwasiti. “Hata moja.”