Robo Saa ya Kijino

Kila jioni fundi wa nguo aliitwa na binti yake atie sahihi kwenye daftari la shule, kuonyesha kwamba amesoma. Binti huyo alikuwa darasa la pili. Walimwita Kijino kwa sababu ya pengo lake la mbele. Mama alitia sahihi bila kulitazama daftari, mguu ungali kwenye cherehani.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Haya, kachote maji."

Siku moja mwalimu wa Kijino alikuja kujaribu sketi aliyokuwa akishonewa. Akageuka huku na huku, kisha akasema, "Dada, Kijino hajui kusoma. Akiendelea hivi, wenzake watapanda darasa, yeye atabaki."

Cherehani ikanyamaza. "Na sahihi zangu zote zile?"

"Ni thelathini, na zote ni za ukurasa ule ule."

Kijino akajificha nyuma ya pazia.

"Sikutaka kukuingilia kazi, mwalimu," fundi akasema. "Mimi mteja akishaniletea kitambaa, sitaki anisimamie kichwani."

"Sawa. Mbona leo umeniita nijaribu?"

"He! Nikimaliza bila wewe kujaribu, si nitaharibu kitambaa cha watu?"

"Basi na mimi nakungoja tangu muhula uanze. Hujaja hata mara moja."

Fundi akacheka kwa aibu. "Lakini niliishia la tatu, mwenzangu. Nitamfundisha nini?"

"Usimfundishe. Msikilize, robo saa tu kila siku. Akikwama, usimfokee, mpe nafasi. Akimaliza, muulize nani kafanya nini. Pasipoeleweka wekeni alama, kesho aniulize. Na siku ya wazazi, njoo."

Jioni hiyo Kijino alisoma mstari mmoja, jasho likamtoka. Kesho yake, miwili. Siku moja mama alisinzia, Kijino akamfinya.

"Mama, nani kafanya nini?"

"Mbuzi... kala kofia?"

"Mbuzi wa jana huyo!"

Wakacheka mpaka wakasahau walipofika, wakaanza upya.

Siku ya wazazi fundi alikwenda. Dawati dogo lilimbana magoti, lakini alikaa, akauliza, akajibiwa. Mwaka ulipokwisha, Kijino alipanda darasa la tatu pamoja na wenzake.

Hata hivyo robo saa yao hawakuiacha. Jioni moja mteja alichungulia mlangoni.

"Fundi, gauni langu tayari?"

"Karibu ukae, dada. Tumebakiza nusu ukurasa."

Mteja akakaa huku akinung'unika. Kijino akasoma. Punde mteja akasogeza kiti karibu.

"Ehe," akasema, "halafu ikawaje?"