Shahidi wa Dawa Iliyobaki

Kila Jumamosi Chiriku alifua sare za dada yake, mwanafunzi wa uuguzi. Jina hilo la utani lilimfaa, maana mdomo wake haukupumzika hata akiwa na povu mpaka kwenye viwiko. Lakini leo, alipopekua mifuko kabla ya kuloweka, alitoa bomba la sindano lenye dawa ndani.

Dada alimpokonya.

"Ni ya wodini, nilisahau kuimwaga. Usimwambie shangazi, nitafukuzwa chuo!"

Akakimbilia chumbani nalo. Chiriku akafua sare moja mara mbili bila kujua. Shangazi ndiye aliyewalea, tena ndiye mwalimu wa wauguzi chuoni hapo. Akisema, dada atamchukia. Asiposema je? Aliinuka, akakaa, akainuka tena.

Mchana dada alisinzia mezani, kijiko mkononi. Dada alipokwenda kulala, shangazi alimgeukia Chiriku.

"Wewe leo umemeza nini? Nyumba kimya mpaka naogopa."

"Shangazi, ukimsema ndugu yako, wewe ni mchongezi?"

"Unamsema aumie, au apone?"

Chiriku akaangua kilio, akasema yote. Shangazi alikimbilia chumbani. Dada alikuwa macho, bomba bado limejaa mkononi. Alimkabidhi shangazi bila kuombwa.

"Nilianza kujidunga kwa sababu ya maumivu ya mgongo, shangazi. Sasa siwezi kuacha."

"Na shahidi wako? Si nimewafundisha kwamba dawa kali ikibaki humwagwa mbele ya mwenzako?"

"Aligeuka pembeni. Aliniamini."

Shangazi aliketi kitandani, akamkumbatia. Siku hiyohiyo alimpeleka kwa daktari, na Jumatatu akautaarifu uongozi wa chuo. Dada alisimamishwa masomo ili atibiwe. Kwa majuma kadhaa hakumsemesha Chiriku, na Chiriku aliumia sana.

Dada alipopata nafuu na kuruhusiwa kurudi chuoni, shangazi aliwaita wote wawili.

"Mficha maradhi kilio humfichua," alisema. "Nimewafundisha wanafunzi kuhusu uraibu wa dawa kwa wagonjwa, nikasahau kwamba muuguzi naye ana mwili. Sasa nitawafundisha na hilo. Na nyinyi shikeni hili: anayekupenda hageuki pembeni."

Jumamosi iliyofuata dada alileta sare zake kwenye beseni, akageuza mifuko yote nje mbele ya Chiriku.

"Tazama vizuri, shahidi wangu."

Chiriku alitazama. Kisha akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka nguo zikaanikwa.