Uzito Ndani ya Gari la Dobi

Gari lile lilikuwa na kila kitu isipokuwa haraka. Taa ziliwaka, honi ililia, milango ilifunga vizuri. Lakini ukikanyaga mafuta lilivuta pumzi kwanza, ndefu, kama mtu mnene anayejiandaa kuinuka kitini, ndipo likaenda. Dobi alilinunua likiwa limeshatumika, jeupe, lenye mlango wa kuvuta ubavuni, ili abebee mashuka ya nyumba za wageni badala ya kuyasukuma kwa toroli. Na kabla ya kulinunua alimwita mumewe alisikilize.

Mumewe alikuwa fundi magari, na mtaa mzima ulimwita Sikio. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho, kisha akakutajia ugonjwa. Siku ile alisikiliza, akafumbua macho, akasema, "Halina neno. Chukua."

Sasa Dobi aliingia karakana, iliyokuwa chini ya nyumba yao, na shuka moja mkononi.

"Sikio, njoo uone."

Shuka lilikuwa limepigwa pasi na kukunjwa, lakini katikati lilikuwa na bonde pana, kama kiti kilichokaliwa muda mrefu.

"Nani anakaa juu ya mashuka yangu?"

"Si wewe mwenyewe? Hilo umbo nalijua."

"Shika adabu yako!" Alicheka kidogo. "Mume wangu, bila utani. Leo nimetoka kuingia barabara kuu, lori liko mbali kabisa. Nakanyaga mafuta, gari linatambaa tu. Lori limepita hapa, hapa nyuma ya sikio langu. Dereva kanitukana mpaka bibi yangu. Gari linatambaa kama limebeba mtu."

"Limebeba mashuka."

"Nilikuwa nimeshayashusha. Lilikuwa tupu."

Sikio alifuta mikono kwa tambara. "Niachie. Kesho litaruka kama swala."

"Liruke lisiruke, mimi nataka linifikishe nikiwa hai."

Asubuhi Dobi akaondoka kwa miguu, kapu kichwani, na Sikio akaanza pale anapoanza kila fundi. Chujio la hewa lilikuwa safi. Chujio la mafuta akalibadilisha hata hivyo. Plagi zilikuwa na rangi nzuri, rangi ya biskuti. Alikinga kiganja nyuma ya ekzosi, moshi ukakisukuma kwa nguvu, bomba halikuziba. Klachi haikuteleza. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ilisema hakuna kosa. Na gia ikiwa huru, injini ilipanda upesi, ikaimba.

"Basi kuna kinacholishika," alijiambia, akafikiria breki. Akainua mbele kwa jeki, akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka lenyewe. Akahamisha jeki nyuma. Jeki ikalia.

Hapo ndipo alipoona jambo ambalo mtu wa masikio hakulitazama tangu siku ya kwanza. Nyuma, kati ya tairi na bodi, palipopaswa kuingia ngumi, hapakuingia hata vidole viwili. Springi zilikuwa zimelala bapa. Na ndani ya gari hamkuwa na kitu, ila lile shuka lenye bonde, ambalo Dobi alilirudisha humo. Kumbe muda wote alikuwa anatafuta udhaifu, na gari halikuwa dhaifu. Gari lilikuwa limebeba.

Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo vivuli hujificha chini ya miguu ya wenyewe. Mtaa ulikuwa kimya. Sikio alifunga milango ya nyuma, akaweka ncha ya bisibisi kwenye bati, akauegemeza mpini sikioni.

Alisikia kwanza springi, zikilia taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayehamisha makalio. Kisha ikaja harufu, harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika ndani ya beseni, na chini ya harufu hiyo marashi, marashi ya zamani yaliyochacha, yakimwingia puani na kumshuka kooni. Kisha ile pumzi, ile pumzi ndefu aliyoidhania ya injini, lakini injini ilikuwa imezimwa na imepoa, na pumzi ilikuwa inavutwa upande wa pili wa bati, pale pale, karibu na shavu lake, ikavutwa, ikavutwa, ikakoma. Na baada ya kukoma vikaja vishindo vitatu vya kistaarabu vya kifundo cha kidole, na sauti nyembamba, yenye adabu zake zote, ikasema kutoka ndani:

"Hodi."

Na ulimi wa Sikio, ulimi uliolelewa na mama, ukainuka wenyewe kujibu.

"Sikio! Umekufa au umelala?"

Bisibisi ikaanguka. Alikuwa Cheche, mchomeleaji wa karakana ya jirani.

"Sema taratibu," Sikio alinong'ona. "Kuna mtu humo."

Cheche akalitazama gari. Gari likashuka kidogo upande wa kulia, mbele ya macho yao, likatulia.

"Fungua mlango," Cheche akasema, sauti imekwisha.

"Fungua wewe."

"Mimi mchomeleaji, ndugu yangu. Kazi yangu kufunga."

Lakini miguu yake ilijua pa kwenda, na alasiri haijaingia vizuri alirudi na muuza manukato, mzee mdogo, msafi, mwenye mkoba wa vichupa, aliyesifika pia kwa kazi nyingine isiyoandikwa kwenye kibao cha duka lake. Alilalamikia oili iliyogusa kiatu chake. Kisha akanusa mlango wa gari, na malalamiko yakaisha.

"Huyu ni wa kubebwa," alisema kwa sauti ya chini. "Wapo majini wanaoruka, wapo wanaotembea. Huyu hana miguu ya safari. Siku moja mtu alisimamisha gari hili njiani, akamwambia panda. Akapanda. Na kila siku anaongezeka uzito, mpaka chombo kife."

"Na anayeliendesha?"

"Chombo kikifa katikati ya barabara, fundi, dereva anakuwa wapi?"

Sikio aliliona lile lori. Akaliona likipita nyuma ya sikio la mkewe.

"Mteremshe, mzee wangu."

"Nitamteremsha. Lakini sikiliza, maana naambiwa unajua kusikiliza. Asiye na miguu akiteremshwa hutafuta mgongo. Atajikokota mpaka nyumba yenye harufu ya gari lake, atabisha hodi. Atakayemjibu karibu amekubali kumbeba. Waambie watu wako wote sasa hivi: mpaka jua lizame, hodi isiyo na uso isijibiwe."

"Na ikijibiwa?"

"Mgeni wa gari namweza. Mgeni wa nyumba, aliyekaribishwa na mwenye nyumba, simwezi. Nisikudanganye."

Sikio akatoa simu. Akalitafuta jina la mkewe, akalipata, na kidole kikabaki hewani. Alimsikia kabla hajampigia: Sikio lote lile, mume wangu, na ulisema halina neno! Maisha yake yote ya ufundi hajawahi kumwambia mtu nilikosea. Na Dobi hurudi jioni, siku zote. Akairudisha simu mfukoni.

"Nyumbani hakuna mtu," alisema. Na wakati anasema, ilikuwa kweli.

Walipanda kilima cha machimbo ya kokoto, milango ya nyuma ikiwa wazi, udi ukifuka ndani ya kopo. Sikio alikanyaga mafuta mpaka mwisho, na gari lilikwenda kwa mwendo wa jeneza, na kadiri lilivyopanda ndivyo pumzi ile ilivyosogea, kutoka nyuma hadi katikati, kutoka katikati hadi kwenye mgongo wa kiti chake, mpaka nywele za kisogo chake zikalowa, na hakuthubutu kutazama kioo, akawa anatazama barabara, barabara tu, huku mzee pembeni yake akisoma kwa midomo bila sauti na jasho likimdondoka kwenye mkoba.

Kileleni mzee akageuka. "Umefika. Shuka. Humu hakuna tena wa kukubeba."

Gari likazama. Kisha likapanda, ghafla, springi zikigonga kama meno. Nyuma yao kokoto zikabonyea, duara pana, bila kitu juu yake. Halafu duara likaanza kusogea, kwa kujikokota, likielekea mjini.

"Usitazame," mzee akasema. "Endesha."

Na gari likaruka kama swala. Sikio alimfikisha mzee dukani, na hapo alipaswa kwenda nyumbani. Lakini kile chombo kilikuwa chepesi, kiliitika hata kabla ya mguu kukanyaga, naye akaingia barabara kuu akalipita lori, akageuza, akalipita lingine, akapita mbele ya Cheche akipiga honi, akicheka peke yake.

Jua lilikuwa bado kidogo lizame alipoingia uani. Dobi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, karibu na beseni.

"Umerudi saa ngapi?"

"Mapema. Bila gari nani atazunguka na jua lote lile? Limepona?"

"Limepona."

"Lilikuwa nini?"

"Chujio la mafuta."

"Chujio tu! Na mimi nikakesha nikiwaza." Alitabasamu, amechoka. "Ila wewe utani wako utakuja kuniua. Unabishaje hodi kwenye nyumba yako halafu unajificha?"

Sikio akageuka kuutazama mlango.

"Mikono yangu imejaa povu, nasikia hodi, hodi, kwa adabu, utafikiri mposaji. Nikaita karibu, karibu ndani. Kimya. Nikajua ni wewe tu."

"Dobi..."

"Nisaidie kwanza nipande juu."

Alishika ukuta. Akavuta pumzi, ndefu, ndipo akainuka. Akaweka mguu kwenye ngazi, akavuta pumzi tena, ndipo mguu ukapanda. Sikio alimfuata nyuma, na harufu ya nguo mbichi ilikuwa ngazini, lakini si nyumba ya dobi? Harufu hiyo si ipo kila siku? Alijiuliza hivyo ngazi baada ya ngazi, na chini ya harufu hiyo marashi yalikuwa yanakuja.

"Sijui nina nini leo," Dobi alisema, akipumua. "Miguu haitaki. Kama nimebeba mtu."

Alifika juu. Akajitupa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, na kiti kikalia.

Sikio akasimama mlangoni, amefumba macho, anasikiliza. Jua likazama.

Kiti kikalia tena.