Maji Niliyowabebea Samaki wa Mume Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Tabora mjini. Nikiwaambia kwamba ndoa yangu ilizama kwenye birika la samaki mtacheka. Chekeni tu! Mimi nimelia mpaka machozi yakanikauka.

Mume wangu Mrisho alikuwa mpishi wa mzungu mmoja, mhandisi wa reli. Mzungu huyo alifuga taa, wale samaki bapa kama chapati, wenye mwiba mkiani. Taa wake hawakuwa wa baharini. Walitoka mito ya mbali huko Amerika, na maji yao ni haya haya tunayokunywa. Miaka michache baada ya uhuru alifunga virago, akamwachia Mrisho taa wawili na kioo kikubwa cha tangi lao.

Nyumbani kwetu kulikuwa na birika la mawe lililogusana na ukuta wa nyumba, alilojenga babu yake Mrisho enzi za misafara, wapagazi wakifika na mizigo wananawa hapo. Lilishapasuka, tunawekea kuni. Mrisho akaapa kulifufua kwa ajili ya taa wake, ambao kwa muda tuliwaweka kwenye pipa lililokatwa.

Wakati huo nilikuwa na mimba. Mimba ya kwanza, baada ya miaka saba ya kuitwa mgumba na mawifi! Ungekuwa wewe, msomaji, usingeamini kwamba mume anatengeneza nyumba kwa furaha ya mtoto?

Saruji ilikuwa ya kibali. Mrisho akaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, akamwambia, ndugu balozi, mke wangu mjamzito, nataka kumtengenezea birika asiteseke na maji. Balozi akanionea huruma mimi! Saruji ikatoka kwa ajili ya tumbo langu.

Nyufa zikazibwa, plasta ikapigwa. Upande mmoja fundi alibomoa akaweka kile kioo, kikaelekea chumba kilichokuwa stoo yetu. Nikauliza, mbona kisielekee chumbani kwetu? Mrisho akanijibu kwamba stoo itakuwa chumba cha mtoto, atakuwa analala huku akitazama samaki. Jamani... Nikakipaka chumba hicho chokaa kwa mikono yangu mwenyewe!

Jirani yangu Bi Tatu akachungulia. "Hee! Nani anaoa humu?"

Kwetu nyumba haipakwi chokaa bure. Lakini mimi nilimcheka, nikamwambia wivu utamuua.

Sasa sikilizeni. Saruji mpya ina ukali, inaua samaki. Lazima birika lijazwe maji, yakae, yamwagwe, lijazwe tena na tena mpaka ukali uishe. Na maji ya Tabora wakati wa kiangazi mnayajua! Bomba linakohoa upepo tu. Nani alikwenda kisimani? Mimi, ndoo kichwani, tumbo mbele. Mrisho alisafiri kwenda Nzega, eti kutafuta mchanga safi wa kutandika chini ya birika. Mchanga! Kana kwamba Tabora tunakanyaga zulia!

Asubuhi moja nilikuwa nainua ndoo niimimine, kiuno kikakatika. Mwanangu akazaliwa kabla ya wakati wake. Wa kiume... Alilia mara moja, akanyamaza. Bi Tatu ndiye aliyemwosha, na mumewe ndiye aliyekwenda kumzika. Bi Tatu yule yule niliyemtukana!

Mrisho alirudi na gunia la mchanga, kweli. Alirudi na mwanamke pia, Zuhura, hina mbichi mpaka viwikoni. Walishafunga ndoa huko huko Nzega. Aliponikuta nimelala, tumbo halipo, Bi Tatu akamweleza yaliyotokea. Akasema ni mipango ya Mungu. Kisha akauliza kama birika limeshajaa!

Akamwingiza Zuhura kwenye kile chumba chenye kioo. Chumba cha mwanangu!

Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kinyamwezi. Yeye akanijibu kwa upole kwamba mke mkubwa hapigi kelele, humfundisha mdogo kazi za nyumba, na nianze na maji ya taa. Shukrani ya punda mateke! Nilifunga kanga zangu, nikapanda treni hadi Goweko kwa kaka yangu, mkulima wa tumbaku.

Kabla mvua hazijaanza, Mrisho akashuka stesheni ya Goweko. Amekonda, mkono umevimba, taa kamchoma. Nilifurahi, sitaki uongo! Akampa kaka yangu shikamoo, akaketi. Moyoni nikasema, leo ataomba msamaha.

Wapi! Alisema taa mmoja amekufa, wa pili anakata roho. Zuhura kagoma kwenda kisimani, kasema hakuolewa kuja kuwa mpagazi.

"Rudi mke wangu," akaniambia. "Wewe ndiye unayeyajua maji yao."

Nikamwuliza jambo moja tu. Mwanao amezikwa wapi?

Akamtazama kaka yangu. Hakujua! Hakuwahi hata kumwuliza mtu. Kaka akasimama, akamwonyesha njia ya stesheni. Talaka yangu ilifuata.

Dada zangu, mume akianza kukarabati nyumba, msimcheke jirani anayeuliza nani anaoa. Ulizeni na ninyi! Na wewe mwenye mimba unayesoma haya, usivunje mgongo kwa kitu cha fahari ya mwanamume. Nakusihi, tua hiyo ndoo. Samaki wakifa, wafe!