Chungu cha Makaa na Doa Jeupe

Jua lilipokuwa likizama Hanle, kijiji cha milima ya Himalaya, Nilza alijaza chungu makaa ya samadi, akayafunika majivu.

"Weka miguuni," alimwambia mumewe, Rigzin. "Hakina mwanga, hakitawasumbua wapiga picha wa nyota."

Rigzin alikuwa mlinzi kwenye jumba la darubini, juu mlimani. Asubuhi alirudi uso umempauka.

"Limetokea tena. Doa jeupe kwenye picha zao. Linapumua! Na mle ndani hamna taa, nipo peke yangu."

"Ni mlinzi wa zamani," alisema mama mkwe wa Nilza, akizungusha mkononi gurudumu lake la sala la Kibuddha. "Alifia kule. Anataka kiti chake."

"Basi akichukue. Mimi nakwenda kujenga barabara mpakani."

Nilza alimkumbatia mwanawe mchanga. Wanaokwenda mpakani huacha mtoto ananyonya, wakirudi anawaita mjomba.

Akamwita jirani yao Diskit, aliyesomea nyota na kufanya kazi kwenye darubini ile. Alikuja na kamera inayoona joto.

"Shemeji, huo mzimu wako unakunywa chai?" Diskit alimtania Rigzin. "Hebu gusa ukuta. Haya, toa mkono."

Kwenye kioo cha kamera, kiganja kilibaki ukutani. Vidole vitano viliwaka, bila mtu. Kisha vikafifia polepole.

"Huo ni mwanga wa joto," alisema Diskit. "Macho hayauoni, lakini darubini yetu huuona." Akaielekeza kamera kwenye chungu. Majivu yaling'aa kama jicho, yakipumua.

"Mama yangu! Kumbe mzimu nimeupika mimi!" alimaka Nilza.

"Ndiyo. Na tunachokitafuta kinafanana na chungu chako. Kinaitwa kibete cha kahawia. Ni kizito kuliko sayari, lakini hakikuweza kuwaka kama nyota. Kinapoa tu, gizani. Mwanga wake wa joto hutuambia hewa yake ina nini, na mawingu yake ni ya nini. Chungu kikiwa karibu, joto lake linaufunika."

"Mawingu ya mvua?" aliuliza mama mkwe.

"Ya chembe za mchanga, bibi. Mchanga wa moto."

Gurudumu la sala likasimama.

Siku hizi chungu hubaki jikoni. Rigzin huvaa soksi mbili za sufu. Doa halikurudi, na barabara ya mpakani haitajwi tena. Picha mpya zina nukta hafifu ya kile kibete, inayofifia na kung'aa mawingu yake yanapozunguka.

Jioni moja Nilza alisimama uani, mtoto begani, akatazama pale alipoonyeshwa na Diskit. Giza tupu.

"Kipo pale," alinong'ona. "Baba anakilinda."

Mtoto alilikazia macho lile giza. Akacheka, akapunga mkono.