Kona ya Kushoto ya Buti

Corinne Jablonski alikuwa mtoto wa kinyaa. Sifongo ya kuoshea vyombo aliishika kwa ncha za vidole viwili, maziwa hakuyanywa kabla hajayanusa, na unywele ukionekana kwenye sahani basi hamu ya kula imekwisha, hata kama ni unywele wake mwenyewe. Ndiyo maana majirani zao wa hapo Toledo, Marekani, walicheka kila Jumamosi walipomwona, baada ya mayai na soseji, amevaa ovaroli la baba yake lililokunjwa mikono, anaelekea gereji iliyo nyuma ya nyumba.

Ndani ya gereji hiyo lilikaa gari aina ya Chevelle la mwaka 1969, la milango miwili, lenye injini kubwa kuliko mahitaji ya mtu yeyote mwenye akili zake. Babu Casimir aliwahi kuwa na la namna hiyo ujanani, aliporudi kutoka vita vya Vietnam. Aliliuza mwaka aliozaliwa mwanawe Leon, ambaye ndiye baba yake Corinne, na hakupata jingine tena. Sasa babu alikuwa mzee mwenye mapafu mabovu, anatembea akikokota chupa ya oksijeni kwenye kitoroli. Leon alikuwa ameapa kwamba gwaride la sikukuu ya uhuru, Julai mwaka huu, mzee hatalitazama kutoka kwenye kiti cha kukunja kando ya barabara. Atapita nalo, amekaa mbele kwenye Chevelle.

Gari lenyewe walilinunua kwa mtu mmoja aitwaye Hatcher, nje kidogo ya mji. Leon alikwenda na sumaku mfukoni, kama afanyavyo kila mnunuzi wa magari ya zamani. Ukiipitisha kwenye bodi, penye bati inanasa, penye puti, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, inaanguka. Lakini alipoliona lile gari jekundu linang'aa juani, sumaku haikutoka mfukoni. Aliona kama ni kumtukana mwenye gari. Alilipa, akalipandisha kwenye trela, akaimba njia nzima.

Wiki hiyohiyo Corinne alikuwa akipiga msasa juu ya tairi la nyuma, puti ikabanduka kipande kikubwa kama sahani. Nyuma yake hapakuwa na bati. Palikuwa na wavu wa kuku, magazeti yaliyolowa, povu la godoro, na soksi.

"Soksi?" mama yake, Paulette, aliuliza akiwa mlangoni na kikombe cha kahawa. "Yaani mtu amevua soksi, akaishindilia kwenye gari, akapaka rangi juu?"

"Na hakuifua," alisema Corinne huku amebana pua.

Leon alirudi kwa Hatcher siku hiyohiyo, Corinne akiwa pembeni yake. Walimkuta kibarazani anakula mkate wenye nyama, mayonezi imemchuruzika hadi kidevuni.

"Uliliona, ukalipenda, ukalichukua," Hatcher alisema bila kuacha kutafuna. "Mimi nilikufumba macho?"

Leon alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga kwenye nyasi, kisha akageuka. Njiani Corinne hakuweza kunyamaza.

"Baba, mtu anafunikaje uozo halafu analala usingizi?"

"Kamuulize mwenyewe," alisema Leon. "Mimi nataka kunawa mikono tu."

Basi kazi ikawa kubwa mara mbili. Majira yote ya baridi walikata bati bovu, wakachomelea zima. Leon alitaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, si zaidi na si pungufu. Kama kiwandani gundi ilipakwa hovyo, na yeye aliipaka hovyo vilevile, akitazama picha za zamani ili asikosee kukosea.

"Wenzako wanasafisha magari," Paulette alimtania. "Wewe unanunua uchafu wa mwaka sitini na tisa kwa bei ya dhahabu."

"Uchafu halisi, mke wangu. Siyo wa kuiga."

Mwezi wa Aprili Leon alimkabidhi Corinne kazi yake mwenyewe. "Buti ni lako," alimwambia. "Mwanzo mpaka mwisho. Kwenye zile kona za chini, nyuma ya matairi, panya wamejenga. Usifagie pakavu. Vinyesi vya panya vikikauka, vumbi lake linaweza kuleta ugonjwa mbaya sana wa mapafu. Vaa barakoa na glavu, nyunyiza dawa ya klorini, subiri ilowe, ndipo utoe. Halafu kwangua kutu mpaka uone bati jeupe. Rangi mwisho kabisa."

Kona ya kulia aliimaliza vizuri. Ya kushoto ilikuwa na kina kirefu, mkono ukazama hadi begani. Vidole vyake viligusa kitu laini, cha ubaridi, kilichobonyea. Alipokivuta kidogo karibu na mwanga aliona nyasi, sufi ya viti iliyoloa mkojo, na katikati yake vipanya vilivyooza, vimegandana, ngozi inachubuka vikiguswa. Harufu ikapenya barakoa. Corinne alikimbilia nje, akatapika kwenye maua ya mama yake.

Alikaa kwenye ngazi muda mrefu. Angeweza kumwita baba yake. Lakini baba alikuwa amesema buti ni lako, na yeye alikuwa amejigamba kwa wiki nzima. Mwili wote ulimsisimka kwa karaha alipofikiria kurudisha mkono mle. Mwisho alirudi na boksi tupu la nafaka ya kifungua kinywa. Alilisukumia lile donge ndani kabisa, akakata kipande cha boksi kikatosha ile nafasi, akakigandisha kwa gundi ya bodi, akaisawazisha gundi kwa kidole. Ilipokauka alipuliza rangi ya buti, ile nyeusi yenye vitone vya kijivu na kijani, kama ya kiwandani. Vitone vile vilificha kila kitu.

Leon alikuja na tochi, akamulika huku na huku. Kisha akambusu utosini. "Hata mimi nisingefanya vizuri hivi," alisema. Corinne alitabasamu, akateremsha mfuniko wa buti.

Joto la Juni lilipoingia, gari lilianza kunuka. Mwanzoni ilikuwa harufu ndogo, mtu angedhani ni zulia jipya. Baada ya wiki ikawa nzito, ya mkojo na mzoga, inakukaa kooni kama mafuta ya samaki. Paulette alitundika kikadi cha manukato chenye umbo la mti wa msonobari. Sasa gari likanuka kama mzoga msituni.

Yolanda Pruitt, rafiki yake Corinne wa mtaa wa pili, alialikwa aje akae kiti cha nyuma. Aliingiza kichwa, akakitoa papo hapo.

"Wee, humu kuna mtu amekufa."

"Ni zulia," alisema Corinne.

"Zulia gani linanuka kama fizi za mbwa wetu? Mimi siingii. Na babu yako mtamtia humo? Si anapumua kwa chupa yule?"

Maneno hayo yalimchoma Corinne, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiyakimbia mwenyewe. Aliyakumbuka ya baba kuhusu vumbi na mapafu. Sasa alijua pia jibu la swali lake kuhusu Hatcher. Yeye Corinne hakuwa akilala vizuri hata kidogo, na alijichukia kuliko alivyoichukia ile soksi.

Kilichomuumiza zaidi ni kumtazama baba yake akitafuta. Leon aling'oa zulia, akalirudisha. Akafungua sanduku la hita, akafumua dashibodi aliyoifunga kwa mwezi mzima, akalala kichwa chini miguu juu ya kiti, anapapasa gizani na kulaani. Viti vya nyuma alivitoa na kuvinusa kimoja kimoja kama mbwa wa polisi. Buti hakuligusa. Buti alilifanya Corinne.

Asubuhi ya gwaride vioo vyote vilikuwa vimeshushwa tangu alfajiri. Gari lilikuwa zuri mno, jekundu, kromi inaumiza macho. Majirani walisimama kando ya njia ya gari. Babu Casimir alikuja amevaa shati lililopigwa pasi na kofia yake ya jeshi, amenyoa mpaka shingo. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi hakuwa amelalamika kuhusu kifua.

"Ndilo lenyewe," alisema, akipapasa mlango. "Hata rangi. Leon, umelitoa wapi?"

"Ingia kwanza, baba. Utaniuliza njiani."

Leon alifungua mlango. Babu alikunja goti, akaingiza kichwa, na ile harufu ikamkuta usoni. Alianza kukohoa. Alikohoa mpaka akashika ukingo wa paa, macho yanatiririka machozi, na bado akajaribu kucheka. "Si kitu," alisema. "Nimekaa pabaya kuliko hapa." Akainua mguu tena ili aingie.

Corinne alijipenyeza kati yake na kiti.

"Babu, usiingie."

"Corinne, toka hapo," alisema Leon. "Tunachelewa."

"Asiingie, baba. Ni mimi. Kwenye buti, kona ya kushoto. Sikuvitoa vile vipanya. Nilishindwa kuvishika. Nikavizibia na boksi la nafaka nikapaka rangi."

Leon alimtazama mwanawe kuanzia viatu hadi kichwani, polepole. Corinne alilijua jicho lile. Alikuwa ameliona mara moja tu, kwenye kibaraza cha Hatcher, na siku ile alilifurahia.

Gwaride lilipita bila wao. Walisikia ngoma na tarumbeta kutoka mbali, babu akiwa kwenye kiti cha kukunja uani, oksijeni puani, kofia mapajani. Paulette alileta juisi baridi ya limau ambayo hakuna aliyeinywa.

Leon aliingia gereji na kurudi na jozi mbili za glavu, barakoa mbili, na chupa ya dawa ya klorini. Jozi moja alimtupia Corinne.

"Nitakumulikia," alisema. "Kutoa utatoa wewe."

Corinne alibandua boksi. Alinyunyiza dawa, wakasubiri ilowe. Kisha akaingiza mkono hadi begani, akalishika lile donge. Lilikuwa limeoza kupita mwanzo, linateleza, linaachana vipande vidoleni. Alitapika mara moja, akavaa barakoa nyingine, akaendelea. Vipande vyote aliviweka kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akauweka ndani ya mfuko mwingine. Halafu akakwangua. Chini ya uchafu ule bati lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba chombo cha kukwangulia kilitoboa, na mwanga wa nje ukaingia kupitia tundu la upana wa kiganja.

"Mwezi wa Aprili hapa palikuwa na kutu tu," alisema Leon. "Sasa hakuna kitu cha kukwangua."

"Nisamehe, baba."

Leon alikaa juu ya tairi la akiba. "Nilikuwa nataka kukwambia wewe na Hatcher ni kitu kimoja," alisema. "Nilikuwa nalo mdomoni pale nje. Lakini Hatcher hakusimama mlangoni kunizuia. Leta msasa."

Ilibidi wakate, wachomelee, wapake upya. Rangi ya vitone ilipulizwa mara ya pili, na safari hii Leon hakumulika tochi kabla Corinne hajamshika mkono na kumwambia amulike.

Siku ya kazi tu, Jumanne, hakuna bendera wala ngoma, babu alikuja tena. Hakuvaa kofia. Alimkuta Corinne anafuta vidole kwa kitambaa, kucha zake nyeusi kwa grisi, akamwita akae karibu.

"Kinyaa si kosa, mjukuu wangu," alisema. Alikuwa akipumzika kila baada ya maneno machache ili avute pumzi. "Vitani nilitapika kila siku. Kinyaa kinakwambia tu kwamba hapa kuna kitu kibaya. Ukishaambiwa, una njia mbili. Ukikitoa, kimekwisha, hata kama umetapika. Na ukishindwa, ita mtu akusaidie. Lakini ukikifunika hakijaondoka. Umempa mwenzako akivute puani bila kujua. Siku ile ungenyamaza, mimi ningeingia, maana nililitaka gari hili kuliko nilivyoutaka uzima. Ulinikosesha gwaride. Magwaride yapo kila mwaka. Mapafu haya ndiyo niliyobaki nayo."

Corinne aliitikia kwa kichwa.

Leon aliwasha injini, vyombo vikatetemeka jikoni kwa Paulette. Babu alikaa mbele, Corinne nyuma. Walitoka polepole hadi mwisho wa mtaa, vioo vyote vikiwa chini kama walivyozoea tangu Juni. Penye alama ya kusimama babu aliinua mkono.

"Funga vioo," alisema.

"Baba, una hakika?" aliuliza Leon.

"Corinne ndiye aliyefanya buti. Funga."

Vioo vikapandishwa, kimoja kimoja. Babu alitoa mpira wa oksijeni puani, akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu mpaka kifua kikajaa. Corinne alishika ukingo wa kiti, anasubiri kikohozi. Hakikuja.