Muhogo Uliokuja Bila Maelezo

Juliet, mke wa askari polisi, alikuwa akifua nguo kambini Naguru. Muhogo ulichemka jikoni. Mama mkwe alikuwa amemtumia gunia zima kwa basi kutoka kijijini. Juliet ni mzaliwa wa mjini, na muhogo aliojua ni wa sokoni: unamenya, unachemsha, unakula na chai. Akafanya vivyo hivyo.

Binti yake Alal, wa miaka minne, alikula wa kwanza.

"Mama, ni mchungu."

"Kula bwana, acha kudeka!"

Muda si muda, Alal akatapika. Akalia kichwa kinauma. Miguu ikalegea. Juliet akapiga ukelele.

Bibiane, Mkongomani anayeuza unga wa muhogo, alikuwa akipita. Akatupa mzigo chini.

"Mama Alal, ulimupa nini?"

"Muhogo tu, alioutuma mama mkwe!"

"Haukuloweka? Mungu wangu! Ule mchungu ni sumu! Hospitali, sasa hivi!"

Wakapanda bodaboda. Alal akatibiwa. Mchana daktari akasema, "Atapona. Lakini mngechelewa kidogo, tungempoteza."

Juliet aliketi kwenye benchi. "Chakula cha mababu kinaua mtoto wangu?"

"Mababu gani?" Bibiane akauliza. "Muhogo umetoka Amerika. Wareno waliokuja Kongo kununua watumwa ndio walioleta mbegu yake kwa meli. Wafanyabiashara na wahamiaji wakaisambaza. Wakoloni nao wakawalazimisha watu walime, kukinga njaa."

Juliet akamgeukia. Jamani! Alidhani muhogo uliota hapa tangu dunia iumbwe.

"Na hiyo sumu?"

"Watu wa kule Amerika walijua kuitoa. Bibi zetu wakajifunza, wakaongeza njia zao. Unamenya, unaloweka siku tatu au nne mpaka ulainike. Maji yale unamwaga. Unaanika juani hadi ukauke, unatwanga unga, unapika. Mama mkwe hakukuambia?"

"Labda alidhani najua."

Mara Juliet akaruka kama aliyeungua. "Apio!"

Asubuhi ile alikuwa amemgawia jirani yake Apio beseni zima la muhogo. Hakumwambia neno, kwa sababu mwenyewe hakulijua.

Akamwachia Bibiane mtoto, akarudi kambini mbio. Apio alikuwa akipakua. Watoto wake watatu walikaa mbele ya sahani. Juliet hakusalimu wala hakubisha hodi. Alikamata sufuria na sahani, akamwaga vyote uani.

"Una wazimu?" Apio akafoka. "Unanipa, halafu unanimwagia?"

"Nipige ukitaka! Watoto wamekula?"

"Bado. Kuna nini?"

Juliet akamweleza yaliyompata Alal. Apio akakaa chini na kuwakumbatia wanawe wote watatu.

Alal alitoka hospitali baada ya siku mbili. Muhogo uliobaki ukalowekwa, ukaanikwa, ukatwangwa, Bibiane akisimamia. Nyumba zote mbili zilikula ugali wake, na hakuna aliyeugua.

Gunia la pili lilipofika, mke wa askari Okullo, mgeni pale kambini, aliomba kidogo. Juliet akamjazia beseni, lakini hakuliachia.

"Kwanza niambie utaufanyaje."

"Si nitauchemsha?"

Juliet akalivuta beseni. Akamweleza yote, kisha akamwambia arudie.

"Namenya. Naloweka siku tatu au nne. Namwaga maji. Naanika. Natwanga."

"Tena."

Mwanamke akarudia. Ndipo Juliet akaachia beseni.